Upande wa Pili wa Fimbo

Nyumbani kwao walimwita Twiga, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mrefu tangu utoto, mrefu wa miguu na wa shingo, na kwa kuwa mama yake alikuwa mfupi, watu walipowaona wameongozana walitania kwamba binti ndiye anayempeleka mama shule. Jina hilo halikumuudhi hata kidogo. Kilichomuudhi kilikuwa jiko.

Jiko la mama yake lilijengwa zamani, na aliyelijenga hakuwaza kwamba siku moja mtu mwenye kimo cha Twiga angeosha vyombo humo. Sinki lilikuwa chini kama bakuli la paka. Meza ya saruji ilimfika mapajani. Kutwa nzima alisimama kwenye duka la dawa akihudumia wagonjwa, na jioni alirudi kuinama jikoni mpaka mgongo ukamlilia. Mwishowe kuinama kukawa tabia. Aliinama kwenye milango ambayo haikuwa mifupi. Aliinama kwenye picha. Aliinama kila alipozungumza na mwanamume, asije akamtisha.

Basi mama yake, ambaye alikuwa mshonaji na sasa amepunguza kazi kwa ajili ya macho, alipotangaza kwamba jiko litavunjwa na kujengwa upya, Twiga alifurahi kuliko mwenye jiko.

"Nimevalisha watu maisha yangu yote," mama alisema. "Sasa na mimi nivalishwe. Tuanze na jiko."

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, penseli sikioni na fimbo mkononi. Ilikuwa fimbo ya mbao iliyonyooka, bapa, ndefu kumzidi mwenyewe.

"Karibu, baba," mama alimpokea, akiitazama fimbo. "Unataka kumchapa nani?"

"Yeyote aliyejenga sinki hili, mama."

Mama alicheka, na Twiga, aliyekuwa kwenye sinki hilohilo akisugua sufuria, akageuka kumtazama vizuri. Hakuwa mrefu. Alimfika Twiga sikioni, labda na viatu. Alikuwa na mikono mipana na macho ya mtu asiye na haraka.

"Kila jiko lina fimbo yake," Fundi alieleza. "Alama zote napiga juu yake. Kimo cha meza, kimo cha makabati ya juu, kina cha droo. Nikifika karakana sina haja ya tepu. Naifuata fimbo tu. Sasa mama, simama hapa, kunja mkono kama unakata kitunguu."

"Unanipima mimi au jiko?"

"Meza ya jikoni inakaa chini kidogo ya kiwiko cha mpishi. Ikipanda, mabega yanauma. Ikishuka, mgongo."

Mama akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekutana na wa kabila la kazi yake. "Miaka yote nimepima watu viwiko, na hakuna aliyewahi kupima changu." Akasimama. Fundi akapiga alama, akaandika pembeni MAMA kwa penseli.

"Na sisi waosha vyombo je?" Twiga aliuliza kwa utani. "Au viwiko vyetu ni vya mapambo?"

Fundi hakucheka. Aliigeuza fimbo upande wa pili, ambao haukuwa na kitu. "Njoo, dada."

Twiga akaja, akikausha mikono kwenye aproni.

"Usiiname."

"Sijainama."

"Umeinama, dada. Ukiinama kipimo kitakosea. Simama kama ulivyo."

Twiga akavuta pumzi. Akanyoosha magoti, akanyoosha mgongo, akanyoosha shingo yake yote aliyopewa na Mungu. Ilimbidi Fundi anyanyue uso ili amtazame, na alimtazama, bila haya na bila kurudi nyuma, kama mtu anayetazama mti mzuri uani kwake. Kisha akapiga alama. Safari hii hakuandika jina.

Baada ya siku hiyo Fundi akaanza kupita kwenye duka la dawa. Kila mara alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kazi. Alikuja na vipande vya mbao na mawe akavipanga kwenye kaunta, katikati ya dawa za kikohozi.

"Huu ni plaiwudi. Huu ndio wa kukaa karibu na sinki, maji hayautishi. Huu mwingine ni wa unga wa mbao uliogandamizwa. Ni laini, unapendeza, lakini ukilowa unavimba kama mkate kwenye chai. Nauonyesha ili mama asije akadanganywa na mtu."

"Na milango?"

"Ya rangi, au ya mbao yenyewe. Rangi ni ya kisasa. Mbao inazeeka pamoja na wewe."

"Chukua kijivu," alidakia mgonjwa mmoja aliyekuwa anasubiri matone ya macho. "Kijivu hakionyeshi uchafu."

"Bibi, wewe si ndiye umesema huoni vizuri?" Twiga alimtania.

"Vipande vya mbao sivioni. Ninyi wawili nawaona vizuri sana."

Fundi akakusanya vipande vyake haraka mpaka kimoja kikaanguka. Vyote hivyo angeweza kumpelekea mama nyumbani, maana mwenye jiko alikuwa mama. Walilijua hilo wote wawili, na hakuna aliyelisema.

Kusema ndiko kulikokuwa tatizo. Fundi alisema mambo mengi ya bawaba na droo, na ya gundi isiyoogopa mvuke. La moyoni hakulisema. Aliendelea kumwita "dada", na Twiga akaanza kulichukia neno hilo kama dawa chungu.

Wakati huohuo shangazi hakulala. Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba yake Twiga, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kwa maoni yake binti mrefu ni jambo linalohitaji kushughulikiwa mapema. Alikuwa amempata Mwanasheria. Mwanasheria alikuwa na adabu na kazi nzuri, tena alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme.

"Mtapendeza kwenye picha," shangazi alisema. "Hakuna atakayekatwa kichwa."

"Shangazi, ndoa ni picha?"

"Picha ndiyo inayobaki ukutani. Jumapili watu wake wanakuja kusikia jibu. Una neno baya juu yake?"

Hakuwa nalo. Mwanasheria alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililomnyima Twiga usingizi. Angemkataa kwa sababu gani? Kwa sababu ya mtu ambaye hajasema kitu? Mama hakumlazimisha. Alisema tu, akitunga uzi kwenye sindano, "Mimi nitasimama na jibu lako, mwanangu. Lakini liwe jibu. Usiniachie kimya nikawaambie watu."

Ijumaa, makabati yakafika.

Yaliletwa matupu, bila milango, ili yapangwe mahali pake na mama achague milango akiwa ameyaona. Jiko la zamani lilikwisha vunjwa, kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, na harufu ya mbao mpya ilijaa nyumba nzima. Fundi aliyasogeza moja moja mpaka yakakaa mstari mmoja chini ya dirisha, akayaweka sawa kwa pima maji, kisha akalaza ubao mrefu juu yake kushikilia nafasi ya jiwe la graniti litakalokuja. Shangazi alikuja pia. Hakualikwa, lakini hakuwa mtu wa kusubiri mwaliko.

"Haya, tuonyeshe," alisema, akivuta droo ya sufuria. Akaisukuma kwa nguvu. Droo ikaenda mbio, ikapunguza mwendo karibu na mwisho, ikajifunga kimya. "Hii imepatwa na nini?"

"Ndivyo zilivyo za kisasa, shangazi. Na bawaba za milango zitakuwa hivyohivyo. Hazibamizi."

"Hazibamizi?" Shangazi akashika kiuno. "Sasa mtu akikasirika afanyeje? Mimi marehemu mume wangu alijua nimenuna kwa mlango wa kabati. Huu wako utalaza hasira zangu usingizi!"

Hata Fundi alicheka. Mama akachukua kibao cha kukatia na kisu, akaviweka juu ya ubao chini ya dirisha. "Ngoja nijaribu nguo yangu," alisema.

Akasimama. Akashika kisu. Na mara mabega yake yakapanda mpaka karibu na masikio, viwiko vikatoka nje huku na huku.

"Wifi!" shangazi alipiga kelele. "Unapika au unataka kuruka? Unafanana na kuku anayetafuta mti!"

Mama alijaribu tena, akainuka kwa ncha za vidole vya miguu. Haikusaidia. Akaweka kisu chini polepole. "Fundi, hapa pamepanda."

Fundi alikuwa amekwisha ona. Rangi ilimtoka usoni. Alichukua tepu yake, akapima, akapima tena mahali palepale, kana kwamba mara ya pili mbao ingemwonea huruma.

"Nimekosea, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nisamehe. Nitayarudisha karakana leo hii. Nitayakata chini."

"Subiri kwanza." Mama hakuwa na hasira. Alikuwa anayatazama makabati kwa macho yale aliyotumia kutazama gauni lililomkaa mteja vibaya, akitafuta ulipo mshono wenye kosa. "Mwanangu, hebu wewe njoo."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Shika kisu."

Twiga akasogea. Kwa mazoea akaanza kuinama kabla hata hajafika, na mikono yake ikakutana na meza mapema kuliko alivyotarajia. Akasimama vizuri. Kibao kilikuwa pale pale mikono yake ilipokuwa. Mabega yalitulia. Mgongo ulinyooka wenyewe, bila kuambiwa. Kupitia dirishani, ambako siku zote aliona ukingo wa bomba na povu la sabuni, aliona ua, kamba ya nguo, na paa la jirani, na mbingu juu yake.

Maishani mwake alikuwa amevaa sketi zilizoongezwa pindo na kulala kwenye vitanda vilivyomwacha miguu nje. Hakuna kitu ndani ya nyumba yoyote kilichowahi kumsubiri katika kimo chake.

"Jiko limekukaa," mama alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu, na sauti yake ikakatika.

Mama akamgeukia Fundi, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo fimbo."

Ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Fundi alisita, kisha akampa. Mama akaisoma upande mmoja, akaona jina lake na alama yake, safi kabisa, kama ilivyoandikwa siku ile. Akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na alama moja tu, juu zaidi, haina jina. Lakini mbao kuzunguka alama hiyo ilikuwa imeng'aa kidogo, kama mpini wa jembe unavyong'aa pale mkono unaposhika kila siku.

"Umefanya kazi hii muda mrefu, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Umewahi kukosea kipimo?"

"Sijawahi."

"Basi nieleze. Na usinieleze mambo ya tepu."

Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu Twiga amfahamu, alifunga mdomo bila kuombwa. Fundi alitazama mikono yake, akatazama sakafu yenye vumbi la mbao. Halafu akanyanyua uso, si kwa mama, bali kwa Twiga.

"Fimbo hii niliisimamisha karibu na meza yangu ya kazi," alisema. "Upande wenye jina la mama ukitazama ukuta. Ule mwingine ulinitazama mimi. Kila asubuhi niliingia, nikaigusa pale, ndipo nikaanza kazi. Nilijua alama hiyo si ya jiko hili. Lakini siku ya kukata mbao, mkono ulikwenda ulikozoea. Na nilipokuwa nayaunganisha nilikuwa namwona mtu amesimama hapo. Sikumwona mama. Mama, nisamehe, nimejenga jiko lako nikimwaza mwanao."

"Makubwa!" shangazi alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika hadi kwa jirani. Kisha akajikumbuka. "Hapana, hapana. Ngojeni kwanza. Twiga, mtu huyu anakufika sikioni! Siku ya harusi itabidi asimame juu ya stuli!"

"Stuli natengeneza mwenyewe, shangazi," Fundi alisema.

Twiga alicheka. Kilikuwa kicheko kilichotoka na machozi, na hakujali kipi kilitangulia.

"Unacheka? Fundi wa majiko, mwenyewe hana jiko! Na Jumapili tutawaambia nini watu wa Mwanasheria?"

Hapo kicheko kilikwisha. Mama alimtazama Twiga, na Twiga akajua anasubiri nini. Liwe jibu. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Akakiweka kando ya kibao, taratibu, akabaki amesimama wima palepale.

"Waambieni nawashukuru," alisema. "Ni mtu mwema na sina neno baya juu yake. Lakini shangazi, nikiwa naye, pamoja na urefu wake wote, naona bado nainama. Napunguza sauti. Napunguza kicheko. Mtu huyu hapa, siku ya kwanza tu kunitia machoni, aliniambia nisimame kama nilivyo." Akavuta pumzi. "Nimechoka kuinama, shangazi. Jibu langu ni hilo. Hata kama asingesema kitu leo, jibu lingekuwa hilo."

Alishangaa kuona kwamba ilikuwa kweli.

Shangazi akafungua mdomo. Akamtazama wifi yake apate msaada. Lakini mama alikuwa anapapasa ile sehemu ya fimbo iliyong'aa, kwa kidole gumba, na uso wake ulikuwa umeenda mbali.

"Wifi, kaka yako unakumbuka shati lake la kwanza nililomshonea?"

"Lile la bluu? Alivaa mpaka likaisha."

"Sikumpima. Alikuwa mteja tu, alileta kitambaa akaondoka haraka, nami nikaona haya kumwita arudi. Nikashona hivyohivyo, kwa kumkumbuka. Lilipomkaa, mama yangu alilitazama mara moja tu, akaniuliza, huyu ni nani?" Akatabasamu. "Nguo inaweza kumkaa mtu kwa kipimo. Lakini ikimkaa namna hii, aliyeishona alikuwa na lake moyoni."

Shangazi alikohoa. Akavuta ile droo ya sufuria, akaisukuma kwa hasira, na droo ikajifunga kimya kimya bila kumpa hata kishindo kimoja. "Mnaona!" alilalamika. "Hata kununa nimezuiwa!" Akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyofunikwa, akajipepea na upande wa khanga. "Haya. Lakini kwenye picha mimi ndiye nitakayewapanga. Watakaa. Wote wawili watakaa."

Fundi alikuwa bado amesimama kama mtu anayesubiri hukumu. "Mama, makabati haya nitayakata. Jumatatu yatakuwa tayari."

"Usiyaguse."

"Mama?"

"Nguo ikimkaa mwenyewe hivi, haipunguzwi apewe mtu mwingine. Yarudishe karakana, uyafunike vizuri yasipate vumbi. Mimi utanitengenezea yangu, kwa upande wangu wa fimbo, na safari hii uugeuze huo mwingine ukutani." Akamrudishia fimbo, lakini hakuiachia mara moja. "Na haya, siku utakayopata nyumba ya kuyaweka, hutakuja peke yako kuniambia. Utakuja na wazee wako. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, mama." Sauti yake haikutoka vizuri. Akarudia. "Nimekuelewa."

"Wifi, twende tukaangalie yale mawe ya graniti barazani. Kwenye mwanga yanaonekana vizuri."

"Mawe tumeyaona tulipoingia."

"Twende tukayaone tena."

Wakabaki wawili, na makabati matupu, na vumbi la mbao likielea kwenye jua la dirishani. Twiga alikuwa bado nyuma ya meza yake. Fundi akaja upande wa pili, akaweka viganja vyake juu ya ubao. Meza ilimfika juu ya kiwiko.

"Utapikaje hapa?" Twiga aliuliza. "Mabega yatakuuma."

"Nimeshasema, nitatengeneza stuli." Akatoa penseli sikioni, kwa mazoea, kisha akaonekana hajui aifanyie nini. "Bado hujachagua milango. Unataka ya rangi au ya mbao?"

Twiga alisubiri neno "dada". Halikuja.

"Ya mbao," Twiga alisema. "Ile inayozeeka pamoja na mtu."

"Na bawaba? Nikuwekee hizi za kisasa, zisizobamiza?"

Twiga akafikiri kidogo. Alikuwa amenyooka, shingo yote, mgongo wote, na yule mtu alikuwa amenyanyua uso akimtazama kama siku ile ya kwanza.

"Hapana," alisema. "Niwekee za kawaida. Siku nikikukasirikia, nataka usikie."